MAJI YA MJI WA LONDON, NA HESABU YA WAGONJWA NA WAZIMA

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, twataka leo kuzungumza nanyi habari ya kazi moja ya utabibu ambayo haifanyiki kitandani pa mgonjwa. Tabibu tumjuaye sote ni yule aketiye hospitalini. Wagonjwa humwendea, naye huwatazama ulimi, huwashika mkono, huwapa dawa, kisha huwaaga waende zao. Kazi hiyo ni njema, wala hatuna neno juu yake. Lakini iko kazi ya pili. Tabibu wa kazi ya pili haulizi, "Mtu huyu anaumwa nini?" Yeye huuliza, "Mbona watu wa mtaa huu wanaumwa, na watu wa mtaa ule hawaumwi?" Mgonjwa wake ni mji mzima, na dawa yake mara nyingi haimo katika chupa. Elimu hiyo huitwa afya ya jamii, na kila kijana asomeaye utabibu hana budi kujifunza misingi yake. Twaona njia nyepesi ya kuieleza ni kusimulia jinsi ilivyopata nguvu katika mji wa London, miaka ile kipindupindu kilipokuwa kikiua watu maelfu.

Kipindupindu kilitoka Bara Hindi, kikapita nchi nyingi pamoja na vyombo vya bahari na misafara ya nchi kavu, hata mwaka 1831 kikaingia Uingereza kwa mara ya kwanza, katika bandari ya Sunderland. Mtu aliweza kuamka mzima asubuhi, na kabla ya jua kuchwa akawa maiti. Alihara maji meupe mfano wa maji yaliyooshewa mchele, akatapika, macho yakaingia ndani, ngozi ikakunjamana, sauti ikapotea. Leo twajua kwamba wengi wa wagonjwa hao huokoka wakinyweshwa mapema maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, na walio taabani wakitiwa maji katika mishipa. Wakati ule matabibu wengi waliwatoa damu wagonjwa waliokwisha kukaukiwa maji mwilini.

Je, ugonjwa huu ulitoka wapi? Wakuu wa elimu wa siku zile walijibu kwamba uliletwa na hewa mbaya, yaani mvuke utokao katika uchafu na vitu vilivyooza. Tusiwacheke. Mahali penye uvundo ndipo palipokuwa na wagonjwa wengi. Kila mwenye pua aliweza kushuhudia. Bwana Edwin Chadwick, aliyetoa taarifa mashuhuri mwaka 1842 juu ya maisha ya maskini wa Uingereza, alishika imani hiyo kwa nguvu, nayo ikamfanya apiganie kuondolewa taka na kujengwa mifereji. Jambo hilo lilileta kheri nyingi. Lakini tazameni lililotokea London. Kwa kuwa uvundo ndio ulioogopwa, mashimo ya vyoo yalizibuliwa, na uchafu wote ukasukumwa kwa maji katika mifereji hata mto Thames. Harufu ikapungua nyumbani. Na mto huo huo ndio uliokuwa ukiwapa maelfu ya watu maji ya kunywa.

Hapa aingia mtu tunayetaka kumsimulia. Daktari John Snow alizaliwa York mwaka 1813, mtoto wa mfanya kazi wa kawaida. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane, naye angali mwanafunzi kwa tabibu mmoja wa Newcastle, alitumwa kuwatunza wachimbaji wa makaa ya mawe wa Killingworth walioshikwa na kipindupindu. Aliona kwamba mashimoni hamkuwa na choo, na kwamba wachimbaji walikula chakula chao humo humo gizani bila kunawa mikono. Hakulisahau jambo hilo. Baadaye akawa bingwa wa dawa ya kumlaza mtu asisikie maumivu, hata mwaka 1853 akaitwa kumpa Malkia Victoria dawa hiyo alipokuwa akijifungua. Basi mtu huyu aliyejua sana habari za mivuke na jinsi inavyoingia mwilini kwa pumzi, ndiye aliyekataa kwamba kipindupindu ni ugonjwa wa mvuke. Alisema hivi: ugonjwa huanza tumboni, kwa hiyo sumu yake humezwa, na kama humezwa, hutoka katika choo cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mzima, kwa mikono, au kwa chakula, au kwa maji. Aliyachapisha mawazo hayo katika kijitabu mwaka 1849. Walioyasadiki walikuwa wachache.

Na kweli, mpaka hapo alikuwa na hoja tu, hakuwa na ushahidi wa kumshinda mtu mbishi. Upande wa pili ulikuwa na hesabu. Tangu mwaka 1837 vifo vyote vya Uingereza viliandikwa katika daftari za serikali, na Bwana William Farr ndiye aliyezipanga hesabu hizo kwa ustadi mkubwa. Farr alionyesha kwamba watu wa mabondeni karibu na mto walikufa kwa kipindupindu kuliko watu wa vilimani, na kadiri mtu alivyokaa juu ndivyo hatari ilivyopungua. Akasema, ni hewa nzito ya bondeni. Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini maana aliyoipa siyo. Waliokaa bondeni ndio hasa walionywa maji ya mto mahali mto ulipokuwa mchafu kuliko kwingine. Bonde na maji machafu vilikwenda pamoja kama ndugu wawili njiani, naye Farr akamkamata ndugu asiye na kosa. Jambo hili ni moja katika mambo yaliyo magumu kabisa katika elimu ya afya ya jamii: kitu kuonekana pamoja na ugonjwa hakutoshi kukifanya kuwa sababu ya ugonjwa. Basi wawili hao wangetengwaje?

Jibu lilitokea kusini mwa mto, tena kwa bahati. Kampuni mbili ziliuza maji huko. Ya kwanza, Southwark na Vauxhall, ilivuta maji yake Battersea, mahali palipochafuliwa na mifereji ya mji. Ya pili, Lambeth, mwaka 1852 ilikuwa imehamisha mtambo wake mpaka Thames Ditton, juu ya mto, uchafu wa London usikofika. Na mabomba ya kampuni hizo mbili yalipita katika njia zile zile. Nyumba hii ilipata maji ya kampuni moja, na nyumba iliyopakana nayo maji ya kampuni nyingine. Watu kama 300,000, matajiri na maskini, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo, wakavuta hewa moja, wakakaa kimo kimoja cha nchi, tofauti yao ikiwa ni maji tu. Hakuna tabibu ambaye angeweza kuamuru jaribio kubwa kama hilo, wala asingestahili kupewa ruhusa. Lilijipanga lenyewe. Snow alilitambua.

Kipindupindu kiliporudi mwaka 1854, alichukua orodha ya waliokufa, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza, "Maji yenu ni ya kampuni gani?" Wapangaji wengi hawakujua, maana mwenye nyumba ndiye aliyelipa. Snow akapata hila. Maji ya Battersea yalikuwa na chumvi nyingi, kwa sababu bahari ikijaa hupanda mtoni hata huko, tena kwa sababu ya uchafu wenyewe. Maji ya Lambeth hayakuwa na chumvi ila kidogo sana. Alipotia dawa ya naitreti ya fedha katika maji ya kwanza, yaligeuka meupe kama wingu. Chumvi yake ilikuwa karibu mara arobaini ya chumvi ya maji ya pili. Basi alichota maji katika kila nyumba yenye shaka, naye akajua.

Sasa tuzitazame hesabu zake, nasi twawaomba wanafunzi washike kalamu. Katika majuma saba ya kwanza, nyumba za kampuni ya Southwark na Vauxhall zilikuwa na vifo 1,263. Nyumba za Lambeth, vifo 98. Je, tuseme jambo limekwisha? La. Tunapowafundisha vijana wetu chuoni, wengi hukimbilia hapo wakasema, "1,263 ni zaidi sana ya 98, basi maji ya kwanza ndiyo mabaya." Twawauliza: kijijini Juu wamekufa watu 30, na kijijini Chini watu 10, ni kijiji gani chenye hatari zaidi? Hawawezi kujibu mpaka wajue kila kijiji kina watu wangapi. Kikiwa Juu kina watu 3,000 na Chini kina watu 100, basi Juu amekufa mmoja katika kila mia, na Chini wamekufa kumi katika kila mia. Idadi ya maiti peke yake ni nusu ya habari, na nusu hiyo yaweza kudanganya. Nusu ya pili ni hesabu ya watu wote waliokuwa hatarini, walioumwa na wasioumwa.

Snow alikuwa na nusu ya pili. Kampuni ya kwanza ilitia maji katika nyumba 40,046, na Lambeth katika nyumba 26,107. Kwa hiyo, katika kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza walikufa watu 315, na katika kila nyumba 10,000 za Lambeth watu 37. Sehemu nyingine zote za London zilikuwa na vifo 59 kwa kila nyumba 10,000. Aliyekunywa maji ya Battersea alikuwa katika hatari iliyopita mara nane ile ya jirani yake. Hewa ilikuwa moja, na kimo cha nchi kilikuwa kimoja.

Kazi hiyo ilikuwa haijakwisha lilipotokea jambo ambalo kila kitabu cha afya hulisimulia. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854, katika mtaa wa Soho, kaskazini mwa mto, kipindupindu kililipuka kwa ghafula karibu na njia iitwayo Broad Street. Katika muda wa siku kumi walikufa watu zaidi ya 500, na wote walikaa karibu karibu. Njiani hapo palikuwa na kisima chenye bomba la mkono, na maji yake yalisifiwa kwa ubaridi na wema wa ladha. Snow alikwenda kwenye daftari la vifo, akatoa majina 83 ya juma lile la kwanza, akaanza kubisha hodi. Waliokufa karibu na bomba walikuwa 73, na 61 kati yao walithibitishwa na jamaa zao kwamba walikunywa maji yake. Kumi walikaa karibu na bomba jingine. Lakini watano wa hao walikuwa na desturi ya kutuma maji Broad Street kwa kuyapenda zaidi, na watatu walikuwa watoto waliosoma shule karibu na bomba hilo.

Sisi twapenda hasa kuona jinsi alivyowatafuta wazima. Karibu na bomba lile palikuwa na nyumba ya kulelea maskini, wakaao humo 535. Kama hewa ya mtaa ndiyo iliyoua, watu hao dhaifu wangeteketea. Walikufa watano tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Katika Broad Street yenyewe palikuwa na kiwanda cha pombe chenye watu zaidi ya 70, wala hakufa hata mmoja. Walikuwa na kisima chao, na wengi walikunywa pombe waliyopewa kazini. Kinyume chake, katika kiwanda kingine cha njia ile ile, wafanya kazi kama 200 waliwekewa mapipa ya maji ya bomba hilo, wakafa kumi na wanane. Tena mbali kabisa, Hampstead, alikufa mwanamke mmoja mjane asiyefika Soho kwa muda mrefu. Mwanawe alimwambia Snow kwamba mama yake, kwa kuwa zamani alikaa Broad Street, aliyapenda mno maji yale hata akaletewa chupa yake kwa gari. Mpwa wake aliyemtembelea akanywa, akarudi kwake Islington, akafa. Hampstead wala Islington hapakuwa na kipindupindu siku hizo.

Jioni ya tarehe 7 Septemba Snow alikwenda mbele ya baraza la mtaa, akawaeleza wazee hao aliyoyaona. Hawakusadiki sana, lakini hofu ilikuwa kubwa, na kuondoa mkono wa bomba ni kazi ya dakika chache. Kesho yake ukaondolewa.

Wasimulizi wengi hukomea hapo, wakisema kwamba mkono ukatoka na mauti yakakoma. Si hivyo hasa, na Snow mwenyewe hakudai hivyo. Vifo vilikuwa vimeanza kupungua kabla ya siku hiyo, kwa sababu watu wengi walikuwa wamekufa au wamekimbia. Kumpa mtu sifa isiyokuwa yake ni kuiharibu ile iliyo yake.

Lakini kisa kilikuwa na mkia. Kasisi kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead, aliyewazika wengi na kuzijua nyumba zote, alisikia maneno ya Snow akayaona ni ya ovyo, akaazimu kuyavunja. Akaanza kuuliza, naye aliuliza vema kuliko Snow, kwa kuwa watu walimjua, tena alirudi nyumba moja mara nne au tano. Katika wakazi wa Broad Street aliopata habari zao, 137 walikuwa wamekunywa maji ya bomba, wakaumwa 80. Wasiokunywa walikuwa 297, wakaumwa 20. Whitehead akawa rafiki wa Snow na mtetezi wake. Ndipo mwaka 1855, alipokuwa akipitia daftari la vifo, akaona kifo cha mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeanza kuhara tarehe 28 Agosti, kabla ya mlipuko. Mama wa mtoto alimwambia kwamba aliziloweka nguo chafu za mtoto katika ndoo, na maji yake akayamwaga katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Lilipofukuliwa, shimo hilo lilionekana kuwa mbali na kisima kwa futi tatu tu, na matofali yake yamelegea, uchafu ukipenya ardhini mpaka kisimani.

Na baba wa mtoto huyo? Alishikwa na kipindupindu tarehe 8 Septemba, siku ile ile mkono wa bomba ulipoondolewa, akafa tarehe 19. Uchafu wake ulikuwa njiani kwenda kisima kile kile. Kama bomba lingalikuwa na mkono wake, yamkini Soho ingaliona mlipuko wa pili. Basi faida ya tendo lile ilikuwa katika vifo ambavyo havikutokea, navyo havikuandikwa katika daftari lo lote. Ndiyo shida ya kazi hii ya pili ya utabibu. Aliyeponywa hospitalini hurudi na kuku mkononi kumshukuru daktari. Asiyeugua hajui amshukuru nani.

Wakuu hawakukubali upesi. Kamati ya wataalamu wa serikali ilitazama habari za Broad Street ikarudi kwenye hewa mbaya. Snow alifariki mwaka 1858, umri wake miaka 45, kabla ya kuona ushindi wake. Mwaka ule ule jua kali liliufanya mto Thames unuke hata Bunge likashindwa kuvumilia, ndipo Bwana Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mifereji mikubwa ya kupeleka uchafu mbali na mji. Hivyo mifereji iliyowaokoa watu wa London na maji machafu ilijengwa kwa kuogopa harufu! Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, kiliua hasa mashariki ya mji, ambako mifereji hiyo ilikuwa bado kukamilika na kampuni moja ilikuwa ikitoa maji yasiyochujwa. Aliyelionyesha jambo hilo kwa hesabu alikuwa William Farr, yule wa bondeni na vilimani. Alikuwa ameibadili nia yake, nasi twamheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa hesabu zake za kwanza. Kijidudu chenyewe kilikuwa kimeonwa na Filippo Pacini huko Italia mwaka 1854, lakini hakusikilizwa. Robert Koch, Mjerumani, akakipambanua Misri na Bara Hindi mwaka 1883 na 1884. Maana yake, Snow alijua la kufanya miaka thelathini kabla ya kijidudu kutambulikana.

Huenda mtu akasema, hayo ni ya Ulaya, yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa ugonjwa huo huo ulikuwa ukizuru pwani yetu, na mtu mwenye elimu hiyo hiyo alikuwako. Kipindupindu kilifika Unguja zaidi ya mara moja katika karne ile. Mwaka 1859 kilikuwa Kilwa. Kilipoingia tena mwaka 1869, alikuwako Unguja tabibu Mskoti, Daktari James Christie. Hakuridhika kuwatibu walioletwa kwake. Aliwahoji wafanya biashara na watu wa misafara, akiuliza ni wapi walikouona ugonjwa, na lini, akaifuata njia yake nyuma hatua kwa hatua. Akaona kwamba safari hii haukuja kwa majahazi kama zamani. Ulishuka kwa nchi kavu kutoka upande wa Uhabeshi, ukapita nchi ya Wamasai, ukatokea Pangani, ndipo ukavuka maji kuja Unguja. Mwaka 1876 alichapisha kitabu kizima juu ya milipuko ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki. Yeye alibisha hodi kwa misafara kama vile Snow alivyobisha hodi kwa nyumba. Na tusisahau kwamba mashahidi wake walikuwa watu wa nchi hizi, waliozikumbuka safari zao vizuri hata zikaweza kuchorwa.

Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, alileta maji ya chemchemi kwa mabomba kutoka nje mpaka mjini, watu wakayapata bila kutegemea visima vya kati ya nyumba na vyoo. Hatusemi kwamba alisoma hesabu za Snow. Lakini mlipuko wa mwaka 2015, ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti ukafika Unguja pia, uliwafanya maafisa wa afya waulize maswali yale yale ya Soho: mgonjwa amekaa wapi, amekunywa maji gani, na jirani yake asiyeumwa, yeye huchota wapi?